Watoto wa Kaniki

Uvimbe uliotolewa kwapani mwa Mikidadi haukuwa wa Mikidadi.

Daktari Mwavita Feruzi alilisoma jibu hilo mara tatu. Akazima mashine, akaiwasha, akaingiza sampuli upya, kana kwamba mashine nayo inaweza kuona haya ikabadili kauli. Haikubadili. Mikidadi alikuwa mvulana wa miaka kumi na miwili, mpiga miluzi, msumbufu, na kila seli ya mwili wake ilipaswa kuwa na kromosomu ya kiume. Seli za uvimbe ule hazikuwa nayo hata moja. Nyama iliyoota kwapani mwake mpaka ikafikia ukubwa wa yai la bata ilikuwa nyama ya msichana.

Mwavita akatoa jokofuni sampuli za watoto wengine wanane waliokuwa na uvimbe wa namna hiyo, akazipitisha moja moja. Ilipofika saa nne asubuhi alikuwa na majibu yote tisa mezani, na yote tisa yalikuwa jibu moja. Watoto tisa, wazazi tofauti, vijiji tofauti, lakini kinachowaua ni mwili wa msichana mmoja.

Nje ya dirisha la maabara, Bi Asumini, mtunza wanyama wa kituo, alikuwa akiwagawia walabi majani. Walabi ni jamaa za kangaruu, wadogo, kimo cha mbuzi mchanga, na pale Kituo cha Nyamagoma, juu kwenye baridi ya vilima vya Kasulu, walikuwa wamezoeleka kama kuku. Jike mmoja alisimama kwa miguu miwili akala mkononi mwa Bi Asumini, na kichwa cha mwanawe kikachungulia kutoka mfukoni, kikarudi ndani.

Yote yalianzia kwenye mfuko huo. Mtoto wa walabi huzaliwa akiwa mdogo kama punje ya haragwe, hana manyoya, hana macho, wala mwili wake hauna kinga ya kupigana na chochote. Hutambaa mpaka mfukoni mwa mamake, mahali penye jasho na uchafu na vijidudu vya kila aina, na haumwi. Ngozi ya mfuko na maziwa ya mama hutoa protini fupi fupi zinazovitoboa vijidudu vikafa papo hapo. Viuavijasumu vilipoishiwa nguvu dunia nzima, na watoto njiti wakawa wanazikwa kabla ya siku saba za kupewa majina, Mwavita na mkuu wake, Daktari Lugendo, walifanya kile ambacho wenzao walikuwa wakikijadili tu kwenye mikutano. Walichukua kipande cha jeni za kinga za walabi, wakakipandikiza kwenye kila seli ya watoto njiti waliokuwa wakisubiri kufa.

Hawakufa. Watoto mia mbili na kumi na wanne hawakufa. Hawakujua jipu, hawakujua kuhara, hawakujua kichomi.

Ila kulikuwa na jambo moja dogo, na Mwavita alikuwa amelizoea kuliita dogo. Kanuni zilitaka jeni zitoke kwa wanyama wasiopungua wanane. Wanyama wanane waliletwa, homa ya safari ikaua saba, akabaki jike mmoja mweusi waliyemwita Kaniki. Kuagiza wengine kungechukua mwaka, na wodini watoto walikuwa wakifa wawili kwa siku. Wakamtumia Kaniki peke yake; hawa wengine wa uani waliletwa baadaye. Kwa hiyo watoto wote walitoka na kinga ya Kaniki na pia na alama ya Kaniki, ile alama ambayo kila seli hubeba kwenye ganda lake ili mwili uitambue kuwa ni yake. Kinga ya mwili hukagua alama hizo kama mlinzi wa geti anavyokagua vitambulisho. Watoto wa Kaniki wote walipewa kitambulisho kimoja.

Wakati ule walilisherehekea hilo. Mtoto mmoja angeweza kumpa mwenzake damu, ngozi, hata figo, na mwili usikatae. Lugendo alilisema kwenye redio kwa fahari. Na Mwavita, Mungu amsamehe, aliwaambia watoto wenyewe.

Aliwaambia siku walipomlilia. Kila mwaka walikusanyika Nyamagoma kupimwa, na mwaka ule walikuja wamenuna, kwa sababu huko mashuleni walikuwa wakiitwa panya wa mfuko na hakuna aliyekubali kukaa nao dawati moja. Mwavita akaketi nao kwenye nyasi akawasimulia habari za babu yake, mzee Feruzi wa Ujiji, aliyekuwa na ndugu wa kuchanjiana kutoka Uha. Wawili hao walikatana chale mkononi, wakagusanisha damu, na tangu siku hiyo mmoja hakuweza kumnyima mwenzake chakula wala kumkimbia vitani. "Ninyi mmewapita hao," akawaambia. "Damu zenu zinapatana tangu mwanzo." Zawena, binti yake mwenyewe, naye mtoto wa Kaniki, aliyekuwa na miaka tisa, akasimama akasema basi na wachanjiane kweli. Watoto wakashangilia. Na Mwavita, daktari mzima, akacheka, akaenda kuleta wembe mpya, spiriti na pamba.

Wembe mmoja, kwa sababu ndivyo ilivyo desturi, na kwa sababu alikuwa amezipima damu zao zote na hakukuwa na kirusi wala kijidudu hata kimoja. Tangu mwaka huo walichanjiana kila walipokutana. Waliacha kulia. Waliitana ndugu, waliandikiana barua, na anayeonewa shuleni alikuwa na watu mia mbili wa kumtetea. Mwavita aliwahi kusema hadharani kwamba katika kazi zake zote, hiyo ndiyo anayojivunia.

Chuoni aliwahi kuulizwa kwenye mtihani habari za mnyama mmoja wa Tasmania, naye ni wa jamii ya wenye mfuko, ambaye saratani yake huambukizwa kwa kung'atana usoni. Jeni zao za kinga zimefanana mno, na seli ya mgonjwa ikiingia kwa mwenzake huhesabiwa ni mwenyeji. Alijibu vizuri sana. Alipata alama tisini na mbili.

Sasa ilibaki kujua ni msichana gani. Mwavita alikuwa na sampuli mbili za zamani jokofuni. Moja ilikuwa ya Shamsa, binti wa pekee wa Bi Asumini, aliyekuwa wa kwanza kufa, miaka miwili iliyopita. Ya pili ilikuwa punje tu ya nyama aliyoitoa mwenyewe kwenye mkono wa Zawena miaka mitatu iliyopita, palepale penye chale. Aliandika "mafuta" bila kuipima, akashona nyuzi mbili, na jioni mtoto akaenda kucheza.

Uvimbe wa Shamsa haukuwa wa Shamsa. Ile punje ilikuwa ya Zawena, na vimbe zote zilitoka humo.

Mwavita alikaa akatazama mikono yake. Nje, Bi Asumini alikuwa akimkaripia walabi mmoja kwa ulafi, kwa sauti ileile aliyokuwa akimkaripia Shamsa.

*

"Ni wa nani?" aliuliza Daktari Lugendo. Alikuwa amesimama mlangoni na koti lake la wodini, mtu mrefu, aliyekonda kwa miezi miwili kama aliyefungwa.

"Ni wa msichana, Mkuu. Zote tisa."

"Hilo umenipigia simu ukaniambia. Nauliza msichana yupi." Akavuta kiti akaketi. "Sikiliza, Mwavita. Chini ya alama ya Kaniki kila mtoto bado ana vijialama vyake vya kuzaliwa, vimefunikwa lakini vipo. Nikimjua mwenye uvimbe, nikapata seli zake nzima, nitazifundisha kinga za hawa watoto zimwone kuwa ni mgeni. Ni kazi ya wiki tatu. Nisipomjua, nizifundishe zimwue nani?"

"Na huyo msichana, ukimjua?"

"Unajua mkataba unavyosema."

Aliujua. Wazazi wote waliutia saini, yeye wa kwanza. Mtoto atakayekuwa chanzo cha ambukizo lisilo na dawa atatengwa peke yake mpaka atimize miaka ishirini na mitano. Walipouandika walikuwa wakifikiria vijidudu, wakaona haitatokea. Zawena alikuwa na miaka kumi na minne. Nyumba ya kutengea watu ilikuwa nyuma ya ghala, vyumba viwili na dirisha la kioo kizito, na hakuna aliyewahi kulala humo.

Na nyumba ile haikuwa mbaya kama yatakayofuata nje yake. Watoto wawili walikwishakufa, na Mikidadi alikuwa njiani. Zawena aliwapenda. Angejulikana kwa mama zao wote kuwa ndiye, na yeye mwenyewe angejua.

"Mwavita," alisema Lugendo.

"Shamsa," alisema Mwavita.

Lilitoka kirahisi, jina lenyewe fupi. Lugendo aliinamisha kichwa, na Mwavita aliona mabega yake yakishuka, kwa sababu naye alikuwa akiogopa kumfungia mtoto.

"Basi afadhali," alisema. "Maana marehemu hatengwi. Seli zake nzima tunazo?"

"Tunazo kidogo. Nitaziotesha nikuletee."

"Mama yake itabidi aambiwe. Sheria inataka aridhie."

"Nitamwambia mimi," alisema Mwavita.

*

Alimtoa Zawena damu nyumbani, mezani jikoni, saa kumi jioni, baada ya kumpa uji.

"Mbona hapa, mama? Si huwa tunatolea kituoni?"

"Kituoni kuna foleni."

"Jana umesema wodi ndiyo imejaa, maabara hakuna mtu."

"Leo imejaa. Kunja ngumi."

Zawena alikunja ngumi. Alikuwa msichana mtulivu, mrefu kuliko mamake, mwenye tabia ya kusoma kila kinachopita mbele ya macho yake, hata maandishi ya kwenye mfuko wa sukari. Chupa tatu zilijaa. Mwavita alikuwa ameshazibandika namba tangu maabara ili asichelewe, na ndiyo sababu hakuwahi kuzificha. Mia na sita. Watoto wa Kaniki huitwa kwa namba siku ya kupimwa, mwaka hadi mwaka, na kila mmoja anazijua namba za wenzake kama za nyumba za majirani. Zawena alikuwa arobaini na moja. Mia na sita alikuwa Shamsa.

Zawena aliitazama chupa ya tatu. Kisha akashusha mkono wa sweta, akachukua kikombe chake, akaenda kukiosha.

"Asante, mama," alisema kutoka kwenye sinki.

Mwavita alijiambia kwamba mtoto hakuiona namba.

*

Dawa ilifanya kazi. Hilo lazima lisemwe, kwa sababu baadaye Mwavita alikuwa akijisemea mwenyewe kila asubuhi. Wiki ya tatu tangu waanze kupewa, vimbe zilianza kunywea, wiki ya tano watoto wanane walikuwa wakikaa kitandani wakidai chipsi. Mikidadi hakuwamo. Alikufa siku nne kabla ya chupa ya kwanza kuwa tayari.

Jina la Shamsa halikutangazwa. Halikuhitaji. Wodi ina masikio, na katika wiki hizo wazazi hawakuwa na kazi nyingine ila kunong'ona. Wanawake wakaanza kuondoka bombani Bi Asumini anapofika na ndoo, wanaziacha zao hazijajaa. Mwenye duka akawa anamwekea chenji juu ya kaunta asimguse. Na siku ya pili baada ya maziko ya Mikidadi, baba yake Mikidadi aliingia makaburini mchana kweupe, akaking'oa kibao cha kaburi la Shamsa, akakitupa mtaroni.

Mwavita alimwona Bi Asumini akiingia kazini asubuhi iliyofuata, amekibeba kibao ndani ya kanga kama mtu aliyebeba mtoto aliyesinzia. Alikiosha tope kwenye hori la walabi. Walabi walisogea wakamnusa mikono. Hakulia, wala hakumtaja mtu. Alikisimamisha ukutani juani kikauke, akaenda kukata majani.

Mwavita alishika kitasa cha mlango wa maabara kwa muda mrefu. Angeweza kutoka. Zilikuwa hatua ishirini tu. Akafikiria dirisha la kioo kizito nyuma ya ghala, akakiachia kitasa. Alijichukia, na kujichukia hakukumsaidia Bi Asumini kwa lolote.

*

"Hodi."

Ilikuwa Ijumaa, baada ya sala. Bi Asumini alisimama mlangoni na baibui lake, amevua viatu ingawa hakuna aliyemwambia avue.

"Karibu, dada. Shikamoo."

"Marahaba, daktari. Nimekuja na swali, na ukiliona la kijinga unistahi."

"Hakuna swali la kijinga, dada. Kaa."

Hakukaa. "Siku ile uliponiita unieleze, masikio yalikuwa yamejaa. Nimekuwa nikirudia rudia maneno yako peke yangu. Ulisema si ugonjwa wa Shamsa uliowapata wale watoto. Ulisema ni Shamsa mwenyewe. Nyama yake."

"Ndiyo."

"Ikatoka kwake ikaingia kwao, ikaendelea kukua."

"Ndiyo, dada."

"Na hapa mnayo?"

"Tunayo kidogo. Tunaiotesha kwenye chombo, kwa ajili ya dawa."

"Bado inakua?"

"Inakua."

Bi Asumini alivuta pumzi. Uso wake ulikuwa umekauka miezi yote ile, na sasa kitu kilikuwa kikitembea ndani yake, na Mwavita alikitambua kabla hakijafika midomoni, akatamani ardhi ipasuke.

"Kinachokua si kiko hai?" alisema Bi Asumini. "Mimi si msomi, daktari, lakini nimefuga wanyama miaka kumi na sita. Kilichokufa hakikui. Basi mwanangu mimi nilimzika nusu. Nataka nimwone."

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Hata baadaye, alipojitetea mbele ya nafsi yake kwa kila namna, Mwavita hakuweza kudai kwamba nafasi hakuipata. Hawakuwa na mtu, mlango ulifungwa, na mwanamke aliyesimama mbele yake alikuwa amemwuliza waziwazi. Akafungua mdomo. Akaona jinsi Bi Asumini alivyokwishajifuta mikono kwenye baibui, kwa uangalifu, kidole kwa kidole, kama mtu anayekwenda kumpokea mtoto mchanga.

Akaenda kwenye kabati la kuoteshea, akafungua.

"Humo hana baridi?" aliuliza Bi Asumini.

"Nyuzi thelathini na saba. Joto la mwili."

"La mgongoni."

"Ndiyo. Kama la mgongoni."

Akaweka kisahani chini ya hadubini, akarekebisha kioo, akamwonyesha mahali pa kuweka jicho. Bi Asumini aliinama. Alikaa hivyo mpaka Mwavita akadhani hajaona kitu.

"Wanang'aa," alisema hatimaye.

"Ni taa ya chini hiyo."

"Mbona wamekumbatiana?"

"Ndivyo wanavyokua. Hawakui wakiwa mbalimbali."

"Alikuwa halali peke yake, huyu. Mpaka miaka saba nalala naye." Sauti yake ilikuwa na kicheko ndani. "Ni yeye?"

"Ndiye," alisema Mwavita.

Bi Asumini alilia basi, akiwa ameinama vilevile, jicho kwenye kioo, hataki kulitoa. Alipoinuka alishika mkono wa Mwavita kwa mikono yote miwili.

"Nimesikia mkimaliza mtawachoma."

"Ndio utaratibu, dada."

"Wamewadhuru watoto wa watu, najua. Chomeni. Ila usimchome wote, mama Zawena. Nibakishie kidogo."

Mwavita akaahidi.

*

Ikawa kila Ijumaa. Lugendo alijua akanyamaza, akaandika kwamba kisahani kimoja kinahifadhiwa kwa utafiti. Bi Asumini alikuja baada ya sala, akavua viatu, akaangalia, akasimulia mambo ya wiki. Nani ameolewa, walabi gani amezaa. Bombani walikuwa bado wanamkimbia, lakini alikuwa ameacha kuchota mapema alfajiri kwa kuwaogopa. Alianza kunenepa kidogo. Alikipaka kibao rangi upya, akakirudisha kaburini mwenyewe, kwa nyundo yake.

Ijumaa ya sita Zawena alipitia kituoni kutoka shule, wakakutana mlangoni.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu." Bi Asumini akamshika mkono, akapandisha sweta mpaka kwenye kovu. Lilikuwa kovu dogo la chale, na katikati yake alama ya nyuzi mbili. "Wewe na Shamsa mlichanjiana, si ndiyo?"

"Ndiyo, mama."

"Basi na wewe kidogo unaye." Akainama akalibusu kovu. "Mtunze."

Alipokwenda zake, Zawena alibaki ameunyoosha mkono vilevile, mbali na mwili wake. Hakumtazama mamake mpaka walipofika nusu ya njia ya nyumbani, penye mteremko wa mikaratusi.

"Shamsa aliogopa wembe," alisema.

Mwavita aliendelea kutembea.

"Mwaka ule alipoanza. Alilia akajificha chooni. Nikamfuata nikamwambia njoo, natangulia mimi uone haiumi. Nikajikata palepale pa siku zote. Palikuwa na kichunusi, nikakikata katikati, nikampa wembe. Wengine wakafuata." Alisema yote hayo kwa sauti ya kawaida, kama anayesoma. "Mwezi uliofuata ukanitoa kile kichunusi."

"Ulikuwa mtoto. Na wembe nilikuletea mimi."

"Mia na sita niliiona, mama. Siku ileile niliiona."

Mwavita alisimama. "Nilitaka usijue," alisema. "Hilo tu. Nilitaka upone usijue."

"Nimejua. Na nimekaa nalo peke yangu miezi mitatu, kwa sababu wewe ulitaka nisijue." Alilifunika kovu kwa kiganja. "Kesho nakwenda kumwambia mama Shamsa. Wanifungie. Watu wameking'oa kibao chake, na kosa ni langu."

"Si kosa lako."

"Basi la nani? La Shamsa?"

Mwavita alikuwa na kitu kimoja tu mkononi, kichafu, na alijua ni kichafu wakati anakitoa.

"Mwambie," alisema. "Sitakuzuia. Ila ujue unachokwenda kumnyang'anya. Ijumaa ijayo atakuwa hana pa kwenda. Atakuwa amemzika mara ya pili, na safari hii mzima."

Zawena alimtazama mamake kwa muda, vile anavyotazama maandishi ya kitu asichokijua, anasoma mpaka mwisho. Kisha akakunja mkono wake kifuani, akashuka mteremko peke yake.

Hakwenda Jumamosi. Hakwenda Jumatatu. Nyumbani alikula, aliosha vyombo, aliitika akiitwa.

Ijumaa Mwavita alicheleweshwa wodini na mtoto wa mwisho aliyekuwa akiruhusiwa, wazazi wanataka kupiga naye picha. Alipopita uani aliviona viatu vya Bi Asumini mlangoni mwa maabara, na kando yake viatu vyeusi vya shule. Akakimbia. Mlango ulikuwa wazi kidogo.

Bi Asumini alikuwa ameinama kwenye hadubini. Zawena alisimama kando yake na glavu mikononi, amekitoa kisahani mwenyewe kama alivyomwona mamake akifanya tangu utotoni.

"Leo amekuaje?" aliuliza Bi Asumini.

"Ameongezeka, mama. Tazama upande wa kushoto. Wiki iliyopita hapo palikuwa patupu."

"Eeh, namwona. Namwona mwanangu." Akasogea karibu zaidi na kioo. "Hivi, Zawena, nyie mliosoma, nikiongea naye ananisikia?"

Mwavita mwenyewe, katika Ijumaa zote hizo, hakuwahi kufika huko, na alisubiri kumsikia mwanawe akigugumia, akilia, akisema ukweli. Aliomba aseme ukweli.

"Anakusikia," alisema Zawena. Sauti haikutikisika hata kidogo. "Sema naye tu."

Bi Asumini akaanza kusema naye. Zawena aliinua macho, akamwona mamake mlangoni, akamtazama kama mtu anavyomtazama mwenzake wa kazi. Kisha akaurudia mkono wa hadubini, akamrekebishia Bi Asumini kioo.